Mchukua Bendera na Ngazi ya Vyeo

Siku ya sherehe mjini Kisangani, watu husimama kando ya barabara kuwatazama askari wakipita. Kwanza husikika ngoma na tarumbeta. Kisha huonekana bendera ya nchi: kitambaa cha samawati, nyota ya manjano pembeni juu, na mstari mwekundu wenye kingo za manjano. Askari mmoja ameushika mlingoti wake kwa mikono miwili. Hatazami kuume wala kushoto. Nyuma yake waja wenzake, safu kwa safu, kila mtu na alama ya cheo chake.

Mtoto akimtazama askari yule aweza kujiuliza maswali mawili. Swali la kwanza: bendera haipigi risasi, wala haimkingi mtu na risasi, mbona basi hupewa askari aliye hodari? Swali la pili: alama zile za mabegani na mikononi zina maana gani, na mtu huzipataje?

Majibu yake ni ya zamani sana. Ili kuyapata, yafaa kwenda kwanza mpaka Roma, kisha kurudi hapa penye maporomoko ya mto Kongo.

1. Bendera vitani

Warumi walitawala nchi nyingi kwa muda wa mamia ya miaka. Majeshi yao yalipigana kwa upanga, mkuki na ngao. Siku zile hapakuwa na simu wala redio. Vita vilipoanza, vumbi lilipanda, watu walipiga kelele, farasi walikimbia huku na huku. Sauti ya mkuu haikuweza kuwafikia wote. Askari angejuaje wenzake wako wapi?

Alitazama juu. Kila kikosi kilikuwa na alama yake juu ya mti mrefu, na mtu mmoja wa kuichukua. Alama ikienda mbele, kikosi kilikwenda mbele. Ikisimama, kilisimama. Ikirudi nyuma, kilirudi. Hivyo mchukua alama alikuwa kama macho ya kikosi kizima. Kama angekimbia kwa hofu, wote wangefikiri wameshindwa. Kama angesimama imara, hata mwoga angeona haya kukimbia.

Katika nyakati za mwisho za dola ya Roma, yaani karne ya nne na ya tano baada ya Kristo, alama moja iliyopendwa sana ilikuwa joka. Kichwa chake kilikuwa cha madini, kinywa wazi. Nyuma ya kichwa kilishonwa kitambaa kirefu kama mfuko usio na mwisho. Mpanda farasi alipokwenda mbio, upepo uliingia kinywani, kitambaa kikajaa na kupindapinda kama nyoka aliye hai. Mwaka 357 Kaisari Constantius wa Pili aliingia mjini Roma kwa fahari kubwa. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa askari mwenyewe kabla ya kuandika historia, asimulia kwamba majoka ya kitambaa cha zambarau yalimzunguka Kaisari, yakitoa sauti ya upepo kana kwamba yamekasirika.

Mtu wa kuchukua joka aliitwa drakonario. Shingoni alivaa mkufu mnene, uliokuwa alama ya heshima ya kazi yake.

2. Mtu wa kuaminiwa

Ushujaa peke yake haukutosha. Vegetius, mwandishi mwingine wa nyakati zile, aeleza desturi ya majeshi ya zamani. Kaisari alipowapa askari zawadi ya fedha, nusu yake haikutiwa mikononi mwao, kwa kuwa wengi wangeimaliza kwa ulevi na anasa. Nusu hiyo iliwekwa akiba penye bendera. Ilikuwako mifuko kumi, mmoja kwa kila kikosi cha lejioni. Ulikuwako na mfuko wa kumi na moja, ambao kila mtu alitia kidogo. Huo ulikuwa wa maziko: askari akifa, alizikwa kwa fedha ya wenzake.

Na ni nani aliyeitunza akiba hiyo? Ni mchukua bendera. Kwa hiyo, asema Vegetius, walichaguliwa watu waaminifu tena wenye elimu, wajuao kuitunza fedha na kumtolea kila mtu hesabu yake. Mtu asiyejua kusoma na kuhesabu hakufaa, hata angekuwa na nguvu kama simba.

Tena Vegetius aonyesha hekima ya desturi hiyo. Askari ajuaye kwamba mali yake iko penye bendera hafikirii kutoroka. Siku ya vita huipigania bendera kwa moyo wote, maana mahali ilipo bendera ndipo ilipo na akiba yake.

3. Bendera ya Konstantino

Mwaka 312 Kaisari Konstantino alimshinda adui yake Maxentius karibu na Roma, penye daraja la Milvio. Baada ya hapo alikuwa na bendera mpya, nayo iliitwa labaro. Askofu Eusebio aliyeiona aeleza namna ilivyokuwa. Ulikuwa mkuki mrefu uliofunikwa dhahabu, na mti mwingine umekingama juu yake, hata ukawa mfano wa msalaba. Juu kabisa palikuwa na taji ya dhahabu na vito, na ndani yake herufi mbili za kwanza za jina la Kristo katika Kigiriki. Kitambaa cha thamani kilining'inia katika ule mti uliokingama.

Konstantino aliwachagua watu hamsini wenye nguvu na moyo thabiti. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuilinda bendera hiyo na kupokezana kuichukua.

Eusebio asimulia habari moja aliyosema aliisikia kwa Kaisari mwenyewe. Siku moja vita vilikuwa vikali, na aliyeishika labaro akaingiwa na hofu. Akampa mwenzake bendera, akakimbia ili ajiokoe. Mara mkuki ukampiga tumboni, akafa. Yule aliyeipokea alisimama pale pale. Mishale mingi ilikuja kwake, ikakwama katika mti wa bendera, naye hakupata jeraha.

4. Ngazi ya Warumi

Sasa yafaa kutazama vyeo. Jeshi la Roma lilikuwa na ngazi ya vyeo, na askari aliipanda kidato kwa kidato. Mtakatifu Yeronimo, aliyeishi wakati ule, aliitaja ngazi hiyo katika moja ya maandiko yake, naye aliitaja kutoka juu kwenda chini. Alisema, tuseme mkuu wa kikosi ameshushwa kwa ajili ya kosa lake. Je, atakuwa askari mpya mara moja? Sivyo, bali atapita kila kidato.

Kwa wapanda farasi, vidato hivyo vilikuwa hivi, kuanzia chini:

Tiro ni askari mpya anayefundishwa.
Ekwes ni askari kamili wa farasi.
Sirkitori ni yule azungukaye kuwakagua walinzi.
Biarko jina lake latoka katika neno la chakula.
Sentenario jina lake latoka katika hesabu ya mia moja.
Dusenario jina lake latoka katika hesabu ya mia mbili.
Senatori yuko juu yao.
Primiserio ni wa kwanza katika orodha ya majina ya kikosi.
Juu ya hao wote yuko tribuno, mkuu wa kikosi.

Je, mtu wa chini aliweza kweli kupanda? Aliweza. Ammianus asimulia habari za mtu aitwaye Gratianus, mzaliwa wa ukoo mdogo katika mji wa Cibalae. Alipokuwa kijana alikuwa akiuza kamba. Siku moja askari watano walijaribu kumnyang'anya kamba aliyoichukua, wakavuta kwa nguvu zao zote, wasiweze. Baadaye akaingia jeshini, akapanda cheo kwa cheo, hata akawa mkuu wa majeshi katika Afrika ya Kaskazini, kisha katika Uingereza. Na mwanawe Valentinianus alifanywa Kaisari mwaka 364.

Mchukua bendera naye aliweza kupanda. Mwaka 360, katika mji ambao leo unaitwa Paris, askari walimtangaza Julianus kuwa Kaisari. Wakatafuta taji ya kumvika, isipatikane. Basi Maurus, aliyekuwa drakonario, akauvua mkufu wa shingoni mwake, akauweka juu ya kichwa cha Julianus. Ammianus aongeza kwamba Maurus huyo baadaye akawa mkuu mwenye cheo kikubwa.

Hivyo ngazi ya Warumi ilikuwa ndefu, tena ngumu, lakini ilifika juu. Hayo yakumbukwe, maana yatafaa mbele.

5. Kirangozi na bendera mbili za Kisangani

Katika Afrika ya Mashariki bendera ilitangulia pia. Karne ya kumi na tisa, misafara ilitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, naye alichukua bendera nyekundu ya Unguja. Nyuma yake walifuata wapagazi na mizigo yao, na askari wenye bunduki. Wanyampara waliwasimamia watu, na juu ya wote alikuwa tajiri mwenye msafara. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Aliyefanya hivyo alitozwa faini. Maana kirangozi ndiye aliyejua njia na mahali pa maji. Kumpita yeye ni kujipoteza.

Kwa njia hiyo bendera nyekundu ilifika mpaka maporomoko ya Boyoma, karibu na Wagenia wavuvi. Mwezi wa Desemba 1883 Stanley aliweka kituo hapo kwa ajili ya kazi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na bendera ya samawati yenye nyota moja ya dhahabu ikapandishwa. Mwaka 1886 palitokea ugomvi kati ya kituo na watu wa misafara, vita vikapigwa, kituo kikachomwa moto.

Tarehe 24 Februari 1887, mjini Unguja, Stanley akafanya mapatano na Tippu Tip, tajiri mkuu wa misafara. Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, kwa mshahara, na kupandisha bendera ya samawati yenye nyota. Wafuasi wake waliozoea kufuata bendera nyekundu sasa wakaona nyingine juu ya mlingoti. Kitambaa kimoja kimeshushwa na kingine kimepandishwa, na watu wote wakajua ya kuwa utawala unageuka. Miaka michache baadaye, kati ya 1892 na 1894, vita vikali vilipigwa kati ya majeshi ya Leopold na mabwana wa misafara, na nguvu za misafara zikaisha.

6. Ngazi iliyokatwa

Jeshi la bendera ya nyota liliitwa Force Publique. Liliundwa miaka ya 1880. Maofisa wake walikuwa Wazungu. Askari wake walikuwa watu wa Afrika, wa makabila mengi waliochanganywa pamoja, na lugha ya kambini ikawa hasa Kilingala. Bendera ile ilitangulia katika mambo ya ushujaa, na ilitangulia katika mambo ya aibu pia. Zamani za Leopold, askari waliifuata hata vijijini, wakiwalazimisha watu kuleta mpira wa msituni, na wengi waliumizwa na kuuawa. Bendera haimfanyi mtu kuwa mwema. Yamtaka mtu mwema aichukue.

Mwaka 1908 Kongo ilitwaliwa na serikali ya Ubelgiji. Katika vita kuu ya kwanza, Force Publique ilipigana na Wadachi, nayo tarehe 19 Septemba 1916 iliingia Tabora. Katika vita kuu ya pili ilikwenda mbali zaidi. Vikosi vilisafiri kaskazini-mashariki, vikavuka Sudani, vikaingia Ethiopia. Tarehe 3 Julai 1941, mahali paitwapo Saio, jenerali Mtaliano Pietro Gazzera alisalimu amri mbele ya jenerali Auguste Gilliaert wa Force Publique. Penye mji wa Faradje, kaskazini mwa Kongo, liko jengo la ukumbusho wa safari hiyo.

Sasa tazameni ngazi ya jeshi hilo. Chini kabisa alikuwa askari wa daraja la pili, kisha askari wa daraja la kwanza, kisha kaporali, kisha serjanti, kisha serjanti wa kwanza na serjanti-meja. Juu yao walikuwa luteni, kapiteni, majoro, koloneli na jenerali.

Mkongomani aliingia kama askari wa daraja la pili. Akiwa hodari na mwenye akili, baada ya miaka mingi alifika serjanti-meja. Hapo ngazi ilikatika. Vidato vya juu vilikuwepo, lakini vilikuwa vya Wazungu tu. Luteni kijana aliyetoka Ulaya juzi alimwamuru serjanti mwenye mvi aliyefika Saio. Serjanti yule aliweza kuaminiwa na bunduki, akaaminiwa na maisha ya wenzake, lakini hakuaminiwa na cheo.

7. Mwaka 1960

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo jeshi lilikuwa na askari wapata 24,000 na maofisa wapata 1,000. Katika maofisa hao hapakuwa na Mkongomani hata mmoja. Vijana wachache walikuwa wamekwisha kuanza masomo ya uofisa, lakini walikuwa hawajamaliza.

Askari waliona mambo ya nje yamegeuka. Mkarani wa jana amekuwa waziri. Lakini kambini mambo yalikuwa yale yale. Tarehe 5 Julai, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, mkuu wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari akaandika ubaoni ya kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Alitaka kuwakumbusha utii. Wao walisikia neno jingine: kwamba ngazi itabaki imekatwa.

Siku hiyo hiyo askari wakaasi, pale Léopoldville na katika kambi ya Thysville, na uasi ukaenea katika kambi nyingine. Wakawakamata maofisa wao. Wengine wakaiba na kuwatendea raia jeuri. Watu wengi walikimbia nchi. Waziri Mkuu Patrice Lumumba akampandisha kila askari cheo kimoja, hata hakubaki askari wa daraja la pili. Jambo hilo halikutosha. Jenerali Janssens akaondolewa. Victor Lundula, aliyekuwa askari wakati wa vita kuu ya pili, akawekwa kuwa jenerali. Na Joseph-Désiré Mobutu, aliyeliacha jeshi mwaka 1956 akiwa serjanti-meja, akawa koloneli. Jeshi likapewa jina jipya, Jeshi la Taifa la Kongo.

Hivyo watu walioruka vidato vingi kwa siku chache wakapewa kazi ambayo hawakufundishwa. Kosa la kwanza lilikuwa kuikata ngazi kwa miaka zaidi ya sabini. Kosa hilo halikuweza kuponywa kwa juma moja. Mtu aliyezuiwa kupanda kwa zamu yake, akirushwa juu kwa ghafula, hawezi kusimama vema. Na wanaoumia ni watu wanyonge walio chini. Mji wa Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, uliyajua maumivu hayo katika miaka iliyofuata, maana ulipigwa vita mara nyingi.

8. Maana ya alama

Leo ngazi ya jeshi la Kongo haikatiki tena kwa sababu ya rangi ya ngozi. Kutoka askari wa daraja la pili mpaka jenerali, vidato vyote ni vya wana wa nchi. Walakini ngazi isiyokatwa yataka wapandaji wa haki. Cheo kisichofundishwa ni kama mlingoti uliosimikwa mchangani: bendera yaonekana juu kwa muda mfupi, kisha upepo waiangusha.

Basi mtoto wa Kisangani akiwaona tena askari wakipita, atajua majibu ya maswali yake mawili. Bendera hupewa mtu hodari kwa kuwa wenzake wote humtazama yeye. Na Warumi wa kale walitaka huyo awe hodari, mwaminifu wa fedha, tena mwenye kusoma. Na alama ya cheo ni dhamana. Yasema: mtu huyu alijifunza, akajaribiwa, akaaminiwa kwa jambo dogo, ndipo akapewa lililo kubwa.

Maswali

1. Kwa nini askari wa Roma walitazama bendera wakati wa vita?
2. Mfuko wa kumi na moja ulikuwa wa kazi gani?
3. Kwa nini mchukua bendera alitakiwa ajue kusoma na kuhesabu?
4. Kirangozi alikuwa nani, na bendera yake ilikuwa ya rangi gani?
5. Ngazi ya Mkongomani katika Force Publique iliishia kwenye cheo gani?
6. Linganisha habari za Gratianus muuza kamba na za serjanti mwenye mvi. Ni nini walichofanana, na ni nini kilichowatenga?